Je, wajua kwa nini mshipa wa baipasi ya mguu hugeuzwa juu chini?

Je wajua kuna watu wanatolewa mshipa mguuni halafu unarudishwa mguu uleule ila umegeuzwa, wa juu unakaa chini na wa chini juu? Na hiyo ndo baipasi, yaani njia ya pembeni ya damu, inaokoa mguu usikatwe.

Tuanze na maumivu yenyewe. Kuna mzee unamkuta Moshi anapanda barabara ya Kibosho kwa miguu, akifika sehemu lazima asimame, anajifanya anaangalia simu au anamsalimia mtu, dakika mbili tatu maumivu yanaisha anaendelea, mbele kidogo anasimama tena. Nyumbani wanasema uzee huo au baridi yabisi, anachuliwa na mafuta ya kondoo. Sasa baridi yabisi ni ya viungo, huyu anaumwa kigimbi yaani nyama kabisa, na akisimama tu inaachia. Hapo shida ni damu. Nyama ikifanya kazi inataka oksijeni mara nyingi zaidi kuliko ikiwa imetulia, na kama ateri ya paja, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imeganda mafuta na chokaa ndani, damu inayopita inatosha mtu aliyekaa, ya kupandia mlima haipo. Ndo maana kwenye tambarare anafika mbali kidogo. Wachawi wa hii kitu ni sukari, presha, kolesteroli na sigara, na sigara kwa kweli ndo kinara.

Ikizidi, maumivu yanakuja hata usiku amelala, vidole vya mguu vinawaka moto, utamkuta ameuning'iniza mguu pembeni ya kitanda au anasinzia kwenye kiti, maana mguu ukiwa chini damu inateremka kwa uzito wake na anapata nafuu. Ukiona hivyo, au kidonda cha mguu hakiponi, weka mafuta ya kondoo pembeni mpeleke hospitali. Kipimo cha kwanza wala hakitishi, wanapima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, ya mguu inagawanywa kwa ya mkono, ikija 0.9 au chini ya hapo kuna mshipa umebana. Ila mwenye sukari ya miaka mingi ateri zake zinakuwa ngumu, jibu linaweza kuja kubwa kupita kiasi, juu ya 1.4, likadanganya, ndo unaona wanahamia kupima kidole gumba cha mguu.

Sasa baipasi. Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana, lori linatoka Namanga linakunja Ngaramtoni linatokea Usa River bila kugusa foleni ya mjini. Na daktari ni hivyohivyo, ateri iliyoziba anaiacha palepale, anaunga mshipa mwingine juu ya pale palipoziba, mara nyingi kwenye kinena, na chini yake karibu na goti au hata kwenye kifundo. Mshipa bora kuliko yote ni wako mwenyewe, ule mrefu wa vena, yaani wa kurudisha damu kwenye moyo, unaopita chini tu ya ngozi upande wa ndani wa mguu, kutoka kifundoni mpaka kinena.

Shida ni moja, vena zina valvu. Ning'iniza mkono wako mpaka mishipa isimame, utaona vinundu vidogovidogo kwenye mshipa, ni valvu hizo, zinaruhusu damu kwenda upande wa moyo tu. Ateri inapeleka damu chini, kwa hiyo ukiunga vena kama ilivyo valvu zinafunga mlango. Ndo inabidi igeuzwe! Wengine wanaiacha palepale ilipo halafu wanaingiza kisu kidogo wanazikata valvu kwa ndani, nayo inafanya kazi.

Mtu atauliza, mguu hauukosi huo mshipa? Kwa wengi hapana, damu nyingi inayorudi inapita vena za ndani kabisa kwenye nyama, ila mguu kuvimba wiki kadhaa baada ya operesheni ni kawaida. Baipasi ya mguu ya kwanza kwa vena iliyogeuzwa aliifanya daktari Jean Kunlin, Paris, mwaka 1948. Mrija wa bandia wa kuunga badala ya vena nao upo, ila ukishavuka goti kwenda chini mshipa wako unadumu zaidi. Hata utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulionyesha kwamba kwa wale ambao mguu uko hatarini kukatwa, mwenye mshipa mzuri akianza na baipasi anapata matokeo mazuri kuliko akianza na puto linaloingizwa ndani ya mshipa kuuzibua.

Yule mzee wa Kibosho lakini hakimbizwi kwenye kisu. Anaanza na kuacha sigara, aspirini, dawa ya kolesteroli na kutembea, eti ndiyo, kutembea mpaka paume, apumzike, aendelee, nusu saa au zaidi angalau mara tatu kwa wiki, miezi mitatu hivi, na wengi umbali unaongezeka. Na aliyeshafanyiwa baipasi, mguu ukiwa wa baridi ghafla, umepauka na una ganzi, ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusubiri asubuhi.