Unasoma MBA ya Fedha na Benki? Taarifa za Wateja wa Tawi Lako Si Mali ya Tasnifu Yako

Kuanzia mwaka huu wa masomo, kurugenzi yetu ya masomo ya uzamili haipokei tasnifu ya MBA ya Fedha na Benki isiyoambatana na kibali cha maandishi kutoka taasisi zilikotoka data. Tangazo lilibandikwa, likasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa ya jioni, na tangu hapo simu hazikatiki. Wengi wanalalamika kuwa chuo kinawachelewesha kuhitimu. Nimeona nieleze kwa kirefu, kwa wanafunzi, kwa wanaojiandaa kuomba nafasi, na kwa wananchi ambao taarifa zao ndizo zinazozungumzwa hapa.

Sehemu ya kazi yangu ni kupitia tasnifu zilizokwishafaulu kabla hazijapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya maktaba, ambako yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Mwaka jana nilifungua moja iliyohusu mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamekwama, ya wafanyabiashara wadogo. Ilikuwa kazi nzuri, hoja zimepangika na hesabu zimefanywa kwa umakini. Nikafika Kiambatisho C. Kurasa 14 za jedwali lililochomolewa moja kwa moja kwenye mfumo wa benki: jina la mteja, namba ya simu, aina ya biashara, kiasi alichokopa, siku alizochelewesha rejesho. Mstari mmoja ulikuwa wa mama muuza vitenge, mkopo wa shilingi milioni 4, siku 97. Kwenye safu ya maoni ofisa mikopo alikuwa ameandika, "mume amekataa kudhamini."

Maneno hayo, pamoja na jina lake kamili, yalibakiza hatua moja kuingia mtandaoni. Msimamizi hakuyaona. Mtahini wa nje hakuyaona. Mwanafunzi nilipomwita alishangaa kweli, wala hakuwa anajitetea. Akaniambia, "Lakini mwalimu, hao ni wateja wangu. Mimi ndiye niliyewakopesha."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno sasa, na naomba tuimalize. Wateja si wako. Benki imekuruhusu kuona akaunti zao ili uwahudumie, basi. Ukitoka saa kumi na moja jioni ukaingia darasani, umevaa kofia nyingine, na kofia hiyo haina nywila ya mfumo wa benki. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2006 inawataka watumishi wa benki kutunza siri za wateja, na wengi wenu mlisaini kiapo cha usiri siku ya kwanza kazini. Hakuna mahali kiapo hicho kiliposema "isipokuwa kwa ajili ya masomo."

Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nashauri isomwe yote. Miamala ya kifedha ya mtu imewekwa kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, sambamba na taarifa za watoto na za kibayometriki. Taarifa za kundi hilo haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, ukiacha mazingira machache ambayo sheria yenyewe imeyataja. Mtu binafsi anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Taasisi ikipatikana na hatia, faini yake inaanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Nikitaja laki moja kwenye semina huwa nasikia watu wakicheka. Ninachowaomba ni kuisoma sentensi hiyo mpaka mwisho wake, kwa sababu kifungo cha miaka 10 kimo ndani yake. Na kabla mambo hayajafika mahakamani, mwajiri ana taratibu zake za nidhamu, nasi chuoni tunaweza kuirudisha tasnifu hata kama ilishatetewa.

Sasa utaratibu wenyewe. Kwanza, pendekezo lako la utafiti lipitishwe na idara, na sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, itaje bayana data unayotaka: ya kipindi gani, ya vipengele vipi, ya wateja wangapi. "Data za mikopo" haitoshi, tutakurudishia. Pili, chuo kitatoa barua ya utambulisho. Barua hiyo inakwenda makao makuu ya benki. Meneja wa tawi hana mamlaka ya kukuruhusu, hata akiwa rafiki yako, hata akiwa naye ni mwanafunzi wetu. Tatu, benki ijibu kwa maandishi: barua yenye nembo, tarehe, sahihi na muhuri, inayotaja data iliyoruhusiwa. Ujumbe wa simu wa "endelea tu" si kibali. Nne, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, data itolewe kwenye mfumo na mtu mwingine ndani ya benki, aondoe majina na kuweka namba za kubuni mahali pake kabla haijakufikia. Usiitoe wewe mwenyewe, usiibebe kwenye flashi, usijitumie kwa barua pepe binafsi. Ufunguo unaoonyesha namba ipi ni mteja yupi unabaki benki. Tano, eleza data itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Nakala ya kibali inakaa mwishoni mwa tasnifu, nyingine kwenye faili lako la idara. Mwanafunzi asiye raia wa Tanzania anahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na anayekusanya data Kenya aanzie NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti.

Kuhusu kuondoa majina, lazima nikae kidogo. Mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali akasema ameshaficha kila kitu. Majina hayakuwepo, namba za simu zilikuwepo zote. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Namba ya simu ni jina. Mwingine aliondoa vyote viwili lakini akaacha wilaya, aina ya biashara na kiasi cha mkopo. Kwenye wilaya ile kinu cha kukoboa mpunga kinachoweza kukopa milioni 180 ni kimoja, na kila mtu pale sokoni anamjua mwenyewe. Kwa hiyo unganisha makundi: badala ya "kinu cha mpunga" andika "usindikaji wa mazao," badala ya wilaya andika kanda, na badala ya kiasi kamili weka viwango, kwa mfano kati ya milioni 100 na 200. Utapoteza undani kidogo. Hoja yako haitakufa.

Na je, ni lazima kila tasnifu ichimbe mafaili ya wateja? Naelewa kwa nini mada ya mikopo chechefu inapendwa. Benki Kuu inataka mikopo hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na kila ofisa mikopo analala na kuamka na tarakimu hiyo. Lakini benki zote zinawajibika kutangaza taarifa zao za fedha kila robo mwaka, na humo uwiano wa mikopo chechefu umo. NMB iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Ripoti zao za mwaka ziko wazi kwa yeyote. Benki Kuu nayo hutoa kila mwaka ripoti ya usimamizi wa sekta ya fedha. Kwa data hizo unaweza kupima kama ukubwa wa mtaji, gharama za uendeshaji au riba zinaelezea ubora wa mikopo, bila kugusa jina la mtu hata mmoja. Nimesoma tasnifu za namna hiyo ambazo zingeweza kuchapishwa kwenye jarida. Inasikitisha kuona wanafunzi wenye akili nzuri wakidhani utafiti hauna uzito mpaka uwe na orodha ya wadaiwa.

Wenye data iliyokwishakusanywa bila kibali msiifiche, na msitafute barua ya tarehe ya nyuma. Tumeshaziona, na kughushi ni kosa jingine kabisa. Andika barua kwa msimamizi, nakala kwa kurugenzi, eleza ulichonacho na ulikipataje. Mara nyingi benki huridhia data ile ile itolewe upya, ikiwa imefichwa utambulisho. Yule wa Kiambatisho C alifanya hivyo. Ilimchukua wiki sita, akahitimu na wenzake.

Kwa mwananchi mwenye mkopo: ukipigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa mtafiti, na anajua deni lako kabla hujamwambia, muulize kibali chake kimetolewa na nani na lini. Una haki ya kukataa kujibu, na kukataa hakuathiri mkopo wako. Asipokuwa na jibu, andika jina lake, namba aliyopigia na saa, kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwenye benki yako. Benki isipokujibu, nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama ametaja chuo, tuandikie na sisi pia, maana jina la mwanafunzi na mada yake tunavyo kwenye faili.