Mkojo mweupe si cheti: maswali na majibu kuhusu kichocho baada ya matembezi ya ziwani

Siku hizi Jumamosi alfajiri hapa Mwanza hukosi kuona kundi la watu wenye mabegi mgongoni. Wengine wanaelekea Luchelele au Kayenze, wengine wanawahi meli ya Nansio, Ukerewe, ili wavuke mpaka kisiwa cha Ukara kuliona jiwe linalocheza. Ni marafiki wa kazini, wanakwaya, familia nzima pamoja na shangazi aliyekuja likizo kutoka Dodoma. Matembezi haya ya milimani, wenyewe wanayaita "hiking", yamekuwa fasheni, na mimi kama tabibu sina ugomvi nayo. Mtu anayekaa kwenye kiti wiki nzima akila chipsi mayai, kupanda miamba ni dawa kwake.

Ugomvi wangu unaanza saa saba mchana, kundi likishashuka mlimani. Jasho limewalowa, ziwa liko mbele linameta, mmoja anavua viatu na wenzake wanamfuata. Baada ya wiki kadhaa wanakuja kwangu mmoja mmoja, na karibu wote huanza na sentensi ileile. Nitaifikia.

Kichocho ni nini?

Ni ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Wengine huuita bilhazia, kwa jina la Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyeiona minyoo hiyo Cairo mwaka 1851. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai yanaanguliwa na vijidudu vinavyotoka vinaingia kwenye konokono wadogo wa majini. Humo vinazaliana kwa wingi, kisha vinatoka vikitafuta ngozi ya mtu. Vikiipata vinaitoboa kwa dakika chache tu. Si lazima uwe na kidonda, wala si lazima umeze maji.

Daktari, mkojo wangu hauna damu. Kwa hiyo sina kichocho?

Hii ndiyo sentensi yenyewe. Jibu ni hapana. Mkojo kutokuwa na damu hakuoneshi kwamba huna kichocho cha Ziwa Victoria.

Kuna kijana alikuja na mkojo wake kwenye chupa ndogo ya maji ya dukani. Nilikuwa bado namuuliza jina, akainyanyua ile chupa dirishani: "Ona mwenyewe daktari, mweupe kabisa." Alikuwa ameharisha mara kwa mara kwa miezi mitatu, amekonda, mkanda wa suruali ameuongezea tundu kwa msumari. Aliogelea Kayenze na wenzake. Miezi yote hiyo alikuwa akiukagua mkojo kila asubuhi, na kila asubuhi akiridhika.

Nisikilizeni vizuri. Vichocho viko viwili. Kimoja ni kichocho cha mkojo, ambacho minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya kibofu, na hicho ndicho kinachomfanya mtu akojoe damu. Kinapatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya Usukumani mbali na ziwa, kama Kwimba na Shinyanga. Waliokulia huko wanakijua tangu utoto, ndiyo maana kila mtu anayesikia neno kichocho anawaza mkojo mwekundu. Cha ziwani ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yanatoka na choo kikubwa. Unaweza kukaa nacho miaka kumi na mkojo wako ukawa mweupe kila siku.

Kwa hiyo acheni kukagua mkojo. Hauna habari yoyote ya kuwapa.

Basi dalili zake ni zipi?

Jioni ya siku ileile au kesho yake unaweza kuwashwa miguu na kupata vipele vidogo. Wengi hawapati hata hicho. Kisha kimya.

Kati ya wiki ya pili na ya nane, hasa kwa wageni ambao hawakukulia kando ya ziwa, inaweza kuja homa, kikohozi kikavu, uchovu, mwili kuuma, kuharisha, na wakati mwingine ngozi kuvimba mabaka yanayowasha. Hapa ndipo watu wanapopotea. Binamu kutoka Dar es Salaam amesharudi kwao, homa inampanda, anapima malaria, hana. Anaambiwa basi itakuwa taifodi, anachomwa sindano siku tano. Hakuna aliyemuuliza kama aliogelea ziwani, naye hakusema, kwa sababu anachokumbuka kuhusu Mwanza ni sato wa kuchoma na picha za miamba.

Malaria ipimwe, tena siku hiyohiyo, hilo halina mjadala. Ila mtamkie anayekupima: "Niliingia Ziwa Victoria tarehe fulani." Sentensi hiyo moja inaokoa wiki nzima za kuhangaika.

Baadaye ni tumbo kuuma, kuharisha kunakokuja na kuondoka, pengine choo chenye damu. Na wako wengi wasiosikia lolote kabisa. Narudia: wasiosikia lolote, na mkojo mweupe.

Sikuogelea, niliosha miguu tu. Na ufukwe ule ulikuwa na mchanga msafi, hakuna magugu.

Umeosha miguu kwa maji gani? Kwa maji ya ziwa. Umesimama humo muda gani? Dakika kumi, maana mlikuwa mnapiga picha. Zinatosha.

Usafi wa mchanga unaouona kwa macho hauhusiani na vijidudu usivyoviona. Ni kweli konokono hupenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu, lakini ufukwe wa mchanga haujapewa kinga, wala miamba, wala visiwa. Na saa za mchana jua likiwa kali ndizo saa ambazo vijidudu vya kichocho hiki hutoka kwa wingi kwenye konokono. Yaani mnashuka mlimani muda uleule. Kujifuta haraka kwa taulo kunaweza kusaidia kidogo kwa aliyeteleza akaingia majini kwa bahati mbaya, ila usikufanye ruhusa ya kuogelea. Kwenye boti katikati ya ziwa hatari ni ndogo kuliko ufukweni. Sijasema haipo.

Nilimeza dawa ya minyoo niliporudi. Si inatosha?

Dawa gani? Kila ninapouliza hivi natajiwa albendazo. Ile ni ya minyoo mingine, ya kichocho haiigusi.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Nayo wako wanaoimeza usiku wa kuamkia safari, eti kujikinga. Haikingi. Wako wanaoimeza Jumapili jioni wakishafika nyumbani, nao wanaharibu dawa, kwa sababu inaua minyoo iliyokomaa na michanga inaikwepa. Minyoo yako ya Jumamosi bado ni michanga Jumapili. Utameza, utasikia kizunguzungu, utajiona umetibiwa, na yenyewe itaendelea kukua.

Nije lini kupima?

Kama huna dalili, njoo wiki ya sita hadi ya nane tangu ulipoingia majini. Andika tarehe kwenye simu, maana wengi husahau. Kama una homa au umeanza kuharisha, usisubiri wiki ya sita, njoo leo.

Tukikukuta nacho, kipimo cha kawaida cha dawa ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Ni vikubwa na vichungu, usivitafune. Tumbo linaweza kusokota na kichwa kuzunguka kwa saa chache, halafu inapita. Watoto tunawapimia kwa uzito, au kwa ile fimbo ya urefu mliyoiona shuleni. Mjamzito atuambie kabla ya kumeza chochote. Na kumeza leo hakukulindi kesho. Ukirudi kuogelea, umeanza upya.

Nikiacha tu, kitatokea nini? Watu wa huku wanaoga ziwani tangu utoto na wazima.

Wazima wapi? Wewe unawaona sokoni, mimi nawaona wodini.

Minyoo hutaga mamia ya mayai kila siku, na si yote yanayotoka na choo. Mengine yanasukumwa na damu mpaka kwenye ini, yananasa, na kila yai linaacha kovu. Kwa miaka, ini linakuwa gumu, damu inakosa njia ya kupita, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatuna. Siku moja mshipa unapasuka na mtu anatapika damu, bakuli zima. Dawa itaua minyoo hata wakati huo, lakini ini lililokwisha kukakamaa halirudi kirahisi kama lilivyokuwa.

Na hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Tumbo likianza kuvimba, familia inasema karogwa. Anapelekwa kwa mganga, anachanjwa, anapewa mizizi ya kunywa, mwezi wa kwanza, wa pili. Niliwahi kumpokea mama aliyemleta mdogo wake, ana kovu za chale mbichi juu ya bandama iliyovimba mpaka kitovuni. Nikamuamkia, nikamuuliza mbona mmechelewa. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, hakuwa anakojoa damu. Tungejuaje ni la hospitali?"

Mama yangu, na wengine wote: tumbo linalovimba ni la hospitali. Kutapika damu, iwe nyekundu au nyeusi kama machicha ya kahawa, ni la hospitali usiku huohuo, hata kwa bodaboda ya kukopa. Choo cheusi kama lami, hospitali usiku huohuo. Msisubiri kupambazuke wala kikao cha ukoo. Na mwenye tumbo la namna hiyo asipewe diklofenaki wala aspirini za dukani kwa ajili ya maumivu, zinachochea kutoka damu.

Kula samaki au dagaa wa ziwani kunaleta kichocho?

Hapana. Kuleni.

Na nyoka je? Kwenye mawe wapo.

Wapo, na nilitaka leo niongelee maji tu, lakini kwa ufupi: mtu akiumwa, usimfunge kamba, usimchanje, usimnyonye sumu, usimbandike jiwe jeusi. Mtulize, mguu au mkono uliong'atwa usitikisike, mvue pete na viatu kabla ya uvimbe, mbebeni mpaka hospitali. Koboko hasubiri mtafute jiwe.

Sasa jua lote lile, tuoge na nini?

Bebeni maji. Kundi la watu kumi linabeba spika ya muziki, jiko la mkaa na kreti mbili za soda, halafu linaniambia dumu la lita ishirini ni zito. Acheni dumu moja la maji ya bomba kwenye gari au kwa mwenyeji mliyempa gari alinde. Mkikesha kisiwani na maji ni ya ziwa tu, yachemsheni yakapoe, au yachoteni mapema na kuyafunika siku mbili, kwa sababu vijidudu vyenyewe haviishi muda mrefu bila kupata mtu. Hayo ya kukaa siku mbili ni ya kuoga. Ya kunywa bado chemsheni, maana kipindupindu na taifodi halisi havijaenda likizo.

Jambo jingine ambalo hakuna anayependa nilitaje ni kuchimba dawa. Mnajificha nyuma ya jiwe, mita tano kutoka majini, mvua ya usiku inasomba yote hadi ziwani. Konokono anashukuru. Wikiendi ijayo kundi jingine linavua viatu palepale. Kama hakuna choo, nendeni mbali na maji, chimbeni shimo kwa panga, mkifukie. Mama wa mtoto mdogo, nepi nayo irudi nyumbani na wewe.

Nimekusoma mpaka hapa, daktari. Ila mkojo wangu kweli hauna damu, na niliogelea miezi miwili iliyopita. Nije tu?

Njoo. Chupa ya mkojo iache nyumbani. Maabara utapewa kikopo chenye kijiko kidogo ndani ya kifuniko, na choo cha ukubwa wa punje ya karanga kinatosha.