“Mpe cherehani, atajitegemea”, na mengine tunayoyaamini kuhusu wanawake na kazi

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, ikikaribia, picha huwa ile ile: wanawake wamepangwa mbele ya vyerehani vipya, mgeni rasmi katikati, bango la mfadhili nyuma yao. Cherehani si kitu kibaya. Kuna watoto wengi wamesomeshwa na cherehani. Lakini picha hiyo imetujengea imani kwamba mwanamke asiye na kazi amepungukiwa kifaa tu, akikipata mengine yatajipa. Mashirika mengi yasiyo ya kiserikali yamesimama juu ya imani hiyo, na fedha nyingi zimepotelea humo. Hizi ndizo dhana ninazozisikia vikaoni na mitaani, na ukweli ninaoufahamu.

“Apewe mtaji, mengine atajua mwenyewe”

Huko Sri Lanka watafiti waliwapa wenye biashara ndogondogo ruzuku ya dola 100 au 200 za Marekani, wasizotakiwa kurudisha, wakafuatilia faida zao. Faida za wanaume zilipanda. Za wanawake, kwa wastani, hazikupanda. Wapo waliokimbilia kusema wanawake hawana kichwa cha biashara. Baadaye watafiti wengine wakazirudia takwimu hizo, pamoja na za India na Ghana, wakauliza jambo ambalo halikuwa limeulizwa: nyumbani kwa huyu mama kuna biashara nyingine? Pale ambapo yeye ndiye pekee mwenye biashara katika kaya, mtaji ulizaa vizuri. Pale ambapo mume naye ana biashara yake, fedha ya mke ilielekea huko.

Anayefanya kazi na vikundi vyetu hatashangaa. Jina kwenye fomu ni la mama, laini inayopokea muamala ni ya baba. Ndiyo maana shirika makini huuliza mapema nani anashika simu, nani anaamua matumizi, kisha ndipo linatoa shilingi ya kwanza.

“Mtoto si ana bibi yake?”

Hii ndiyo dhana inayotugharimu kuliko zote. Bajeti ya mafunzo ya wanawake utaikuta ina posho ya mkufunzi, ukumbi, chai, vitafunwa na nauli. Uliza watoto watakaa wapi kwa wiki zote hizo, utajibiwa kwamba kila mama ana mtu wa kumwachia. Mjini bibi huyo yuko kijijini, au naye yuko gengeni anauza mchicha. Dada wa kazi anataka mshahara, na mama anayetafuta kazi mshahara ndio hana. Mwisho binti mkubwa anakosa shule ili amshike mdogo wake, na hapo mafunzo ya mama yamelipwa na binti.

Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, jambo hili lilipimwa. Kina mama wenye watoto wadogo waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa vocha ya kulipia kituo cha kulelea watoto, wengine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: katika kila kina mama 100, waliopewa vocha waliwazidi wenzao kwa watu wanane au tisa hivi kwa kuwa na kazi. Wengi wa walioingia kazini walikuwa wameolewa. Kwa kina mama wanaolea peke yao matokeo yalikuwa mengine, na mimi ndiyo yaliyonigusa zaidi. Hao walikuwa wanafanya kazi tayari, kwa sababu hawakuwa na namna. Walipopata mahali pa kumweka mtoto, walipunguza muda wa kazi na kipato hakikushuka, maana waliweza kuhamia kwenye kazi zenye saa zinazoeleweka. Anayezunguka nyumba hadi nyumba akiomba kufua, mtoto mgongoni, hana nguvu ya kuchagua saa wala kubishania malipo.

Hapa Tanzania mfano ninaoupenda ni Elimu Haina Mwisho, programu ya Karibu Tanzania Organization inayoendeshwa katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vimekuwepo tangu miaka ya 1970, na vya serikali viko 54. Programu inawachukua mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito, ndoa za mapema au umaskini, wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi. Kabla ya Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliopata ujauzito kurudi katika shule za kawaida, milango iliyokuwa wazi kwa binti wa namna hiyo ilikuwa michache sana. Ninachotaka tukitazame ni hiki: vyuoni humo kuna vituo vya kulelea watoto. Binti anatoka karakana ya uchomeleaji, anavua miwani ya kukinga cheche, ananawa mikono hadi viwiko, anavuka uwanja, ananyonyesha, anarudi kumalizia fremu ya dirisha. Ondoa kile chumba chenye mikeka na uji, na karakana hiyo haitakuwa na binti huyo hata ukimlipia ada yote.

Kwa hiyo shirika likiniambia linasaidia wanawake kurudi kazini, swali langu la kwanza ni kuhusu watoto. Jibu lake linanieleza karibu kila kitu.

“Asiyejua kusoma hafai kwa ufundi mgumu”

Nenda Kinyasini, Kaskazini Unguja. Chuo cha Barefoot, kilichoanzia kijiji cha Tilonia, Rajasthan, India, mwaka 1972, kina kituo hapo kinachofundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Wengi ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na kuna waliofika bila kujua kusoma. Wanafundishwa kwa rangi, kwa kugusa na kwa kurudiarudia, na baadhi ya wanaofundisha ni wanawake waliopita njia hiyo hiyo. Akirudi kijijini, fundi huyo anafunga mitambo ya nyumba za majirani na kuitengeneza ikiharibika.

Angalia rizista, kile kipande kidogo kwenye saketi chenye mistari ya rangi. Kahawia ni moja, nyekundu ni mbili, chungwa ni tatu. Hata mhandisi mwenye shahada huisoma kwa rangi hizo hizo. Mwanamke aliyesuka ukili maisha yake yote ameshazoea kuhesabu kwa rangi na kuukumbuka mpangilio wa rangi hizo. Kilichomkosesha ufundi ni mlango wenye masharti ya cheti.

“Miaka kumi nyumbani imepotea”

Haijapotea. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu anapimwa kwa kazi anayoifanya, anaelekezwa alipopungukiwa, anapewa cheti. Mama lishe aliyepikia mafundi ujenzi miaka minane anaweza kuingia huko bila kuanzia sifuri. Wengi hawajui, na kuwaambia tu ni msaada ambao hauhitaji mfadhili.

“Likizo ya uzazi ni hisani ya bosi”

Wanawake wengi ambao mashirika huwahangaikia kuwarudisha kazini walikuwa na kazi. Walitoka kwa sababu ya mimba na hawakupokelewa tena. Ukiwauliza, wanasema bosi alikataa, kana kwamba ilikuwa ruhusa yake.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Anayenyonyesha anapewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Wajibu wake ni kumpa mwajiri taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Amfikishie kwa maandishi, abaki na nakala iliyosainiwa, maana taarifa ya mdomo huwa ngumu kuithibitisha baadaye. Kenya nayo, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu yenye mshahara kamili.

Dada wa kazi za nyumbani ni mwajiriwa pia. Sheria haimwachi nje kwa sababu ofisi yake ni jiko la mtu, na wanaotetea wanawake wa maofisini wangefanya vema kuanza na wale waliowaajiri majumbani kwao.

Aliyeachishwa kwa sababu ya mimba, ikiwa alishafanya kazi miezi sita, ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu inayoitwa CMA F1. Zikipita, itabidi kwanza aombe kusamehewa kuchelewa, na si kila ombi hukubaliwa. Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao: wanasubiri wajifungue kwanza, mtoto apate nguvu, ndipo waulize. Asisubiri. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, hutoa msaada wa kisheria bila malipo. Mtu wa kumsindikiza hadi mlangoni, mwezi huo huo, anaweza kuwa ndugu, jirani, au yule aliyemfundisha kazi.