Msimu wa timu ya baiskeli ni nini hasa, mbona hauna ligi?

Kuna watu kila Julai wanaangalia Tour de France, Pogačar wanamjua, Vingegaard wanamjua, halafu wakisikia timu fulani imekuwa na msimu mbovu wanabaki wanaulizana, msimu upi tena, si Tour imeisha na mwenye jezi ya njano kashapatikana? Kwenye mpira Simba akikutana na Yanga ni timu mbili, uwanja mmoja, mechi ikiisha unafungua msimamo unajua nani yuko wapi. Baiskeli za barabarani haziendi hivyo. Timu ishirini na zaidi zinaanza mbio moja kwa pamoja, anashinda mtu mmoja, na siku hiyohiyo timu hizohizo zina watu wengine wanashindana nchi nyingine kabisa.

Ndio, nchi nyingine, siku hiyohiyo. Timu za juu kabisa ni zile zenye leseni ya WorldTour, zipo 18, leseni inatolewa na UCI ambalo ndo shirikisho la baiskeli la dunia. Timu kama hiyo inakuwa na waendeshaji kama 30 hivi. Tour inapeleka wanane tu, mbio nyingi nyingine wanaenda saba, sasa waliobaki unadhani wamekaa nyumbani? Mwezi wa tatu kuna Paris-Nice Ufaransa na Tirreno-Adriatico Italia, zinapishana tarehe kidogo tu, kwa hiyo timu inajigawa, mabasi yanagawanywa, mafundi wa baiskeli wanagawanywa, na mameneja nao kila mmoja anaingia kwenye gari lake. Ukisema "timu" unataja vikosi viwili vitatu ambavyo wakati mwingine havionani wiki nzima.

Kalenda yenyewe inaanza Januari Australia, Februari wanashuka Uarabuni kwenye UAE Tour, halafu Ulaya inafunguka. Machi na Aprili ni mbio za siku moja, zile ngumu za mawe Ubelgiji na Paris-Roubaix, Milano-Sanremo ya karibu kilomita 300, Mei Giro ya Italia, Julai Tour, Agosti mwishoni mpaka Septemba Vuelta ya Hispania, Oktoba Il Lombardia na kumalizia China. Hakuna binadamu anayeweza kupiga zote hizo, ndo maana kila mwendeshaji anapangiwa ratiba yake tangu Desemba na kuna wengine hata Tour hawaisogelei.

Na wengi kati yao hawajaajiriwa kushinda. Hili wageni wa mchezo huwa linawasumbua sana. Kuna jamaa wanaitwa domestiki, kazi yao ni kumlinda kiongozi wa timu, kumkinga upepo, kumpa hata gurudumu lao likimpata pancha. Mwangalie mmoja siku ya joto: anaachia kundi anarudi nyuma mpaka kwenye gari la timu, anapokea chupa za maji kupitia dirishani moja moja huku wote wako kwenye mwendo, anazisukumiza mfukoni mgongoni, nyingine ndani ya jezi shingoni mpaka anavimba kama amebeba mtoto, halafu anaanza kukimbiza kundi upya na ule uzito wote ili wenzake wanywe. Jioni kwenye matokeo yuko nafasi ya mia na kitu na bosi wake anamwambia umefanya kazi safi. Kwa hiyo ukihukumu msimu wake kwa nafasi alizomaliza umemuonea. Ndo maana pia zawadi ya mshindi wa Tour, euro 500,000, kwa desturi haibaki mfukoni mwake, inagawanywa kwa wenzake na wafanyakazi wa timu.

Sasa pointi, na hapa ndo utamu ulipo. Kila mbio inayotambuliwa na UCI, kubwa kwa ndogo, ina pointi, na pointi za waendeshaji zinajumlishwa kwenye akaunti ya timu. Zinahesabiwa miaka mitatu mitatu, mwisho wa mitatu wale 18 wa juu wanaomba leseni na walio chini wanashuka daraja. Mara ya kwanza jambo hili kuuma kweli ilikuwa mwisho wa 2022, hesabu ya 2020 mpaka 2022, ambapo kila mwaka zilihesabiwa pointi za watu kumi bora wa timu tu. Halafu viwango vyenyewe vilikuwa vichekesho: kushinda steji moja, yaani siku moja tu ya mashindano ndani ya Tour de France, mbele ya dunia nzima, ilikuwa pointi 120, lakini kushinda mbio ya siku moja ya ngazi ya kati huko Ubelgiji ambayo hata jirani yako hajawahi kuisikia ilikuwa 125. Mi naona aliyepanga hivyo hakuwaza kwamba mameneja wanajua kupiga hesabu.

Maana walizipiga. Lotto Soudal ya Ubelgiji, timu ya miaka mingi, ilikuwa kwenye shimo, ikawa inamzungusha kijana wake Arnaud De Lie, mzaliwa wa 2002, kwenye mbio za siku moja akikusanya pointi, Tour hakupelekwa. Alishinda kweli mara nyingi lakini haikutosha, Lotto ikashuka. Aliyeshuka naye ni Israel-Premier Tech, na hawa ndo mfano mzuri zaidi kwa sababu Julai ileile walishinda steji mbili za Tour, Simon Clarke moja, Hugo Houle nyingine, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour nne, akamaliza wa tatu kwenye steji ya mlima wa Alpe d'Huez watu wakashangilia kama kashinda. Ukiangalia televisheni ungesema timu imefanikiwa, ukifungua hesabu iko chini ya mstari. Nafasi zao zikachukuliwa na Alpecin-Deceuninck na Arkéa-Samsic.

Kushuka hakumaanishi kufungiwa, kunamaanisha unakosa uhakika wa kualikwa. Israel-Premier Tech 2023 ilibidi isubiri waandaaji wa Tour waipe kadi ya mwaliko, wakaipata, na Michael Woods akawashindia steji ya Puy de Dôme. Februari mwaka huohuo Froome alionekana Tour du Rwanda. UCI nayo ilirekebisha: kuanzia 2023 steji ya Tour ikapanda mpaka pointi 210 na wanaohesabiwa wakawa 20 kwa timu.

Pointi zinatisha hivi kwa sababu timu hizi haziuzi tiketi, barabara ni ya bure mtu anasimama tu, hela inatoka kwa wadhamini ambao majina yao ndo jina la timu, na mdhamini anataka jezi yake ionekane Julai. Akiondoka mdhamini timu inaweza kufa kabisa, Arkéa hao hao waliopanda 2022 walivunjika mwisho wa 2025. Upande wa pili mtu mmoja anaweza kuipa timu ndogo uhai, kama Biniam Girmay wa Eritrea alivyofanya Intermarché, Gent-Wevelgem 2022 kisha steji tatu na jezi ya kijani (ya anayeongoza pointi za ndani ya Tour, si hizi za UCI) kwenye Tour ya 2024.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni mashindano ya dunia. Kigali, Septemba 2025, mlimwona Pogačar kavaa jezi ya Slovenia na si ya timu yake ya UAE, kwa kuwa pale watu wanaendesha kwa nchi zao na timu za wadhamini hazipo, lakini pointi alizobeba zilienda kuhesabiwa kwa mwajiri wake vilevile. Mzunguko ule wa 2023 mpaka 2025 ulikuwa unafungwa miezi hiyo hiyo. Wa sasa unaenda mpaka 2028, na Januari 2026 kila timu ilianza na sifuri.