Briji mpya ya tremolo: usinunue kabla hujapima

Gitaa za umeme zinazoletwa kwangu hapa Ngamiani nyingi zina ugonjwa mmoja: kutu kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Tanga upepo wa bahari una chumvi, na jasho la mpigaji aliyekesha harusini linamalizia kazi. Vijiskrubu vya kupandishia nyuzi vinaganda hata kispana hakizungushi kitu, na sadeli, yaani vile vipande sita ambavyo nyuzi zinakalia, zinaota ukoko wa kahawia unaokata uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kila wiki. Briji ikishafika hapo, kuibadilisha ni haki yake.

Kinachonisumbua ni pale mteja anapokuja na briji mpya tayari mkononi: "Shikamoo fundi. Nimeshaagiza, wewe ni kufunga tu." Marahaba, lakini umeipima?

Watu wengi wanadhani briji za gitaa aina ya Stratocaster ni saizi moja. Leo Fender alipoitoa gitaa hiyo kule California mwaka 1954, briji ilishikwa na skrubu sita mbele na kuvutwa na springi tano kwa nyuma. Umbo hilo limenakiliwa dunia nzima, ila vipimo havikubaki vilevile. Kwenye gitaa za mtindo wa zamani, kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita ni mm 56.4. Gitaa nyingi zilizotengenezwa Asia, ambazo ndizo tunazopiga wengi wetu, zina mm 52.5, na nyingine zina 54. Halafu kuna zile zilizoanza miaka ya 1980 ambazo hazina skrubu sita kabisa, zinaegemea nguzo mbili. Mm 4 zinaonekana kidogo kwenye rula, lakini briji pana kwenye shingo nyembamba hupeleka uzi wa kwanza na wa sita pembeni mno. Ukivuta noti kidogo tu, uzi unateleza nje ya freti, vile vichuma vilivyokatiza shingo.

Kwa hiyo toa nyuzi, pima skrubu kwa skrubu, katikati kwa katikati, andika. Kisha geuza gitaa, fungua kifuniko cha nyuma uangalie bloku, kile kipande kizito cha chuma kinachoning'inia chini ya briji. Mwili wa Stratocaster ya asili una unene wa kama mm 45. Gitaa nyingi za bei nafuu ni nyembamba kuliko hapo, na bloku ndefu itatokeza nyuma, kifuniko kisifunge. Pima na urefu wa bloku pia. Mkono wa tremolo, ile fimbo ya kushushia noti, nao una meno ya aina mbalimbali, ya inchi na ya milimita, kwa hiyo nunua briji inayokuja na mkono wake. Usijaribu kuulazimisha mkono wa zamani uingie, utaharibu meno ya bloku mpya siku ya kwanza.

Kuhusu madini: bloku za bei rahisi ni za zinki. Za chuma au shaba nyeupe ni nzito na wengi wanapenda sauti yake, nami nawaelewa, ingawa mimi kwa mazingira yetu pesa ningeiweka kwanza kwenye sadeli na vijiskrubu vya chuma kisichoshika kutu. Sauti nzuri ya bloku haina faida kama baada ya masika mawili huwezi tena kupandisha uzi.

Kuitoa ya zamani kunahitaji subira. Legeza nyuzi zote, chomoa springi kwa koleo huku umevaa miwani, kwa sababu springi ikiruka haichagui. Skrubu iliyoganda mpe tone la mafuta ya kupenyeza kwa ncha ya sindano, tone tu, mbao isinywe. Subiri, kisha tumia bisibisi inayojaa kichwa cha skrubu. Ndani ya lile shimo la nyuma utaona waya umelehemiwa kwenye kibati cha makucha kinachoshika springi. Huo ni waya wa ethi. Ukikatika, gitaa itavuma kwenye amplifaya na hata ukigusa nyuzi mvumo hautapungua. Vijana wengi huletea pikapu, yaani vinasa sauti vya gitaa, lawama, kumbe ni waya huo.

Sasa ikiwa vipimo vimelingana, umebahatika: skrubu sita zinaingia kwenye matundu yaleyale. Zisipolingana, au matundu yamechakaa hadi skrubu inazunguka bure, yazibe. Mimi nachonga vijiti vya mninga, navipaka gundi ya mbao, navigonga taratibu hadi mwisho, naacha vikauke usiku mzima, kisha nasawazisha kwa msasa. Njiti za kuchokonolea meno zinaziba tundu la kishikio cha mkanda. Hapa kuna nguvu nyingine: nyuzi sita za saizi 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) zikishatuniwa, zinavuta kwa pamoja karibu kilo 47.

Kabla ya kutoboa upya, ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kazi nzima. Nabandika briji mahali pake kwa utepe wa karatasi wenye gundi, sadeli ya uzi wa kwanza nikiwa nimeisogeza mbele karibu na mwisho wake. Kutoka kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo, hadi ilipo sadeli hiyo iwe mm 648, kama gitaa ni ya kipimo cha Stratocaster. Njia ya kuhakikisha ni kupima hadi freti ya 12, lazima upate 324. Halafu nachukua mshipi wa kuvulia samaki, unapatikana kila duka huku, naupitisha kwenye nafasi ya uzi wa kwanza na wa sita kutoka nati hadi briji. Ukiwa umekazwa unaonyesha wazi kama nyuzi zitakaa sawa pande zote mbili za shingo au zitaegemea upande mmoja. Nikiridhika naweka alama kwa msumari mwembamba. Biti ya drili iwe na unene wa kiini cha skrubu bila meno yake, na juu yake funga kipande cha utepe kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili.

Skrubu zipake nta ya mshumaa, si sabuni. Sabuni inavuta unyevu, na unyevu tunao wa kutosha. Usizikaze zikabana. Briji inatakiwa icheze juu ya skrubu hizo kama mlango kwenye bawaba. Mimi nazishusha zote hadi ziguse, kisha nne za katikati nazirudisha juu kidogo ili kazi ibaki kwa mbili za pembeni.

Kisha inakuja hoja ambayo nabishana na wateja kila mara: briji ielee au ilale? Ikielea, mgongo wake ukiinuka mm 3 hivi juu ya mwili, unaweza kushusha na kupandisha noti kwa mkono. Lakini uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinaivuta briji nyuma na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda. Mpiga solo wa kwaya au wa bendi ya dansi, asiye na gitaa ya akiba jukwaani, amekwisha. Huu ni mji wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na muziki wetu wa gitaa unataka noti safi zilizosimama mahali pake. Namwambia mteja tuweke springi zote tano, tukaze skrubu mbili za kibati cha makucha hadi briji ilale kabisa kwenye mbao. Mkono bado utashusha noti ukitaka. Anayepiga roki na anataka kuelea, nitamfungia, ila ajiandae kutuni na kukaza kwa zamu, mara kadhaa, hadi nyuzi na springi zipatane.

Mwisho rekebisha sadeli, moja moja. Piga mlio wa kugusa uzi bila kuukandamiza juu ya freti ya 12, kisha ukandamize hapohapo usome tuna, kile kifaa cha kupimia noti. Noti iliyokandamizwa ikiwa juu, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Fanya hivi na nyuzi mpya tu, za zamani zinadanganya. Baada ya wiki ya kupiga, nyuzi zikishanyooka, rudia mara moja, na ukimaliza kila onyesho futa briji kwa kitambaa kikavu kabla hujaifungia gitaa kwenye begi lake.