Mac mezani, Linux tumboni

Jioni moja programu iliyokuwa ikienda vizuri kwenye Mac yangu iligoma kuwaka kwenye seva. Kisa: herufi moja. Faili ilikuwa Mteja.js, kwenye kodi nimeandika mteja.js. Mac, usipoibadilisha mpangilio, haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili. Linux inajali. Tangu hapo, chochote cha kwenda seva nakijaribu kwanza kwenye kompyuta pepe ya Linux, yaani kompyuta inayoundwa na programu tu, humo humo ndani ya Mac.

Kuiunda natumia programu ya Multipass ya Canonical, hao hao wanaotengeneza Linux ya Ubuntu:

multipass launch --name kazi --cpus 4 --memory 4G --disk 30G
multipass shell kazi

Vipimo vitaje mwenyewe. Usipovitaja unapewa RAM ya GB 1 na diski ya GB 5, na hapo hufiki mbali. Anayetaka Linux yenye madirisha na kipanya achukue UTM, programu nyingine ya kompyuta pepe. Mimi terminali inanitosha.

Mac zenye chipu za M, kuanzia M1 ya 2020, ni za aina ya ARM, kwa hiyo Linux yako nayo iwe ya ARM. Ukiipa UTM imeji (faili ya kusakinishia) ya amd64, yaani Linux ya chipu za Intel na AMD, itawaka, lakini prosesa nzima inaigizwa, utachemsha chai na kuinywa ukingoja. Na ukiona "Exec format error", usikimbilie kuilaumu faili: mara nyingi ni nzima, ila imetengenezewa chipu nyingine.

Paliponiumiza hasa ni folda ya pamoja. Nilijiona mjanja: kodi ibaki Mac, Linux iichungulie tu. npm install, amri ya kupakua maktaba za JavaScript, ikawa ya kulalia, maana folda yake ya node_modules ni maelfu ya faili ndogo ndogo, na kila moja inavushwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Nikihifadhi faili upande wa Mac, seva ya majaribio kimya, haina habari. Taarifa za inotify, zile Linux inazotoa faili ikibadilika, hazikuwa zikivuka. Tena esbuild, zana ya kufungasha kodi ya JavaScript, niliyoipakua nikiwa Mac ikakataa katakata kuwaka Linux.

Sasa nimegeuza. Kodi inakaa /home/ubuntu, na VS Code ya Mac, kihariri changu cha kodi, inaifuata huko kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Anwani ya IP unaipata kwa multipass info kazi. Ufunguo wako wa SSH wa hadharani (public key) ubandike kwenye faili ya ~/.ssh/authorized_keys ndani ya Linux. Kuhifadhi na kuona badiliko ni papo hapo.

Ila kabla ya multipass delete --purge, inayofuta kompyuta pepe moja kwa moja, git push kwanza, yaani peleka kodi yako kwenye hifadhi ya nje. Mimi niliisahau mara moja, ikaondoka na kazi ya siku mbili.