Uhakiki wa filamu, na kwa nini saa ya steringi haihusiki

Mtu anaandika, "Leo nimeihakiki hii muvi," halafu yanafuata haya: steringi, yaani mhusika mkuu, alivaa saa mkono wa kushoto, alipogeuka ikawa kulia, bastola ya risasi sita imepiga tisa, kwenye kioo cha gari kaonekana mshika kamera. Mwisho, nyota mbili kati ya tano. Wasomaji wanampongeza kwa jicho kali. Na siku hizi anayetaka kuonyesha kwamba hatazami tena filamu kwa kupitisha muda tu, hapo ndipo anapoanzia. Wengi huishia hapo hapo.

Uhakiki wa filamu ni kueleza, kwa ushahidi wa kinachoonekana na kinachosikika, filamu inafanya nini na inakifanyaje. Basi. Kama sini fulani, yaani tukio moja la filamu, ilikutia hofu, unairudia: kamera ilikaa wapi, ilikaa kwa muda gani, nani alionyeshwa na nani alifichwa, muziki uliingia lini au ulinyamaza lini. Kumpenda mwongozaji au kutompenda ni hiari yako. Nyota ni za mabango.

Mkanganyiko huu wenyewe una asili yake, kwa hiyo siwalaumu sana. Kuhakiki ni wa ukoo mmoja na haki na hakika, maneno ya asili ya Kiarabu, na maana ya kuthibitisha ukweli haijawahi kulitoka neno hilo. Ndiyo maana kuna uhakiki wa vyeti. Ule wa watumishi wa umma Tanzania, majibu yalipotoka mwaka 2017, watu zaidi ya 9,000 walikutwa na vyeti vya kughushi. Kule swali ni moja tu: halali au feki? Uhakiki wa darasani ni jambo jingine kabisa, lakini nao una lawama yake. Fungua daftari lolote la fasihi la kidato cha nne: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari, na mkiani kabisa "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Nadhani wawindaji wa makosa walipatia leseni yao kwenye hilo neno kutofaulu. Wakalichukua swali la vyeti, wakalipeleka kwenye sanaa.

Sanaa haikuwahi kuahidi kupita mtihani huo. Walter Murch, aliyepata Oscar kwa kuhariri The English Patient (1996), aliwahi kupanga mambo sita ya kupima kabla ya kukata shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatika), akayapa uzito kwa asilimia. Hisia alizipa 51. Hadithi, 23. Mwendelezo wa mahali, yaani kila mtu na kila kitu kubaki pale kilipokuwa, aliuweka mwisho kabisa akaupa 4. Kwa hiyo ile saa iliyohama mkono, inawezekana mhariri aliiona zamani kabla yako, akaiacha, kwa sababu uso wa mwigizaji katika shoti hiyo ulikuwa na kitu ambacho shoti yenye saa sahihi haikuwa nacho.

Tena mwaka 1960 mwongozaji Jean-Luc Godard alitoa filamu ya À bout de souffle. Ilikuwa imezidi urefu, wakaipunguza kwa kukata katikati ya shoti zenyewe. Patricia, mhusika wa kike, amekaa garini, mazungumzo yanaendelea, na barabara nyuma yake inaruka, inaruka, inaruka. Kwa mkaguzi, yule mwindaji wa makosa, hayo ni makosa yaliyopangana foleni. Lakini mruko huo umeigwa mpaka leo hatuushangai hata kwenye video za Bongo Fleva.

Ila mfano unaonikera zaidi ukisomwa vibaya ni La Noire de... ya mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Diouana ni yaya wa watoto wa mume na mke Wafaransa mjini Dakar. Wanamwita awafuate Ufaransa, Antibes, na akifika anakuta kazi si ya watoto tena: kupika, kufua, kufagia. Hajui kusoma wala kuandika, na mbele ya waajiri wake kauli zake ni fupi, ndiyo bwana, ndiyo bibi. Lakini mawazo yake tunayasikia, na yanakuja kwa Kifaransa kilichonyooka. Hata sauti si ya mwigizaji mwenyewe, Mbissine Thérèse Diop. Ni ya Toto Bissainthe, mwanamke wa Haiti.

Mkaguzi kafurahi. Kosa! Msichana yule angewaza kwa Kiwolof. Sawa, na Sembène hakuhitaji kuambiwa: miaka miwili baadaye alitoa Mandabi, ambayo watu wake wanaongea Kiwolof.

Mhakiki hapo ndiyo kwanza anakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu filamu hiyo hiyo ina sini ya barua. Inafika barua ya mama yake Diouana kutoka Dakar, aliyoandikiwa na mtu mwingine, na bwana ndiye anayeisoma kwa sauti. Kisha bwana anachukua kalamu na kumwandikia mama majibu kwa niaba ya Diouana, bila Diouana kutamka lolote. Diouana anaichana ile barua iliyotoka Dakar. Haikuwa barua yake. Sasa irudie ile sauti ya Kifaransa ukiwa na sini hiyo kichwani. Unaweza kusema Sembène amempa ufasaha ambao wale waajiri wasingeamini kama anao. Unaweza pia kusema kwamba hata ndani ya kichwa chake, mahali ambapo angalau angepumzika, kuna mtu mwingine anamsemea. Mimi naegemea la pili, na wa la kwanza namsikiliza vizuri, kwa sababu sote wawili tunanyooshea kidole kitu kile kile kwenye skrini. Na wale wa darasani, wa fani na maudhui, sauti hiyo wataiandika safu ipi?

Kwa hiyo ndugu yangu wa saa ya steringi, hukukosea kuona. Ilihama kweli. Kazi uliyofanya ni ya heshima na kwenye seti ina mtu anayelipwa kwa ajili yake: anashika daftari, anaandika nani kavaa nini na glasi ilikuwa imejaa kiasi gani kabla kamera haijazimwa. Huo ni ukaguzi. Ukishatuambia saa ilihama, tuambie pia ilibadilisha nini katika sini ile. Kama haikubadilisha kitu, iache ihame.